Waya wa kuku kwenye gata ya Baba, Kansanga: jirani alidhani ni antena

Wakuu, heshima kwenu. Nimeona jamaa humu anauliza namna ya kuzuia uchafu kwenye gata, nikakumbuka kisa. Sitatia chumvi, maana miaka hiyo hata chumvi yenyewe ilikuwa ya kutafuta.

Ni Kansanga, Kampala, miaka ya sabini, wanajeshi wakitawala. Baba alikuwa mwalimu wa madrasa. Maji ya mvua yalishuka paani, yakapita kwenye gata, yakaingia pipani, na ndiyo tuliyotawadhia.

Tatizo kaloli, wale ndege korongo wakubwa wa jalalani. Wanatua juu ya bati na kuangusha mifupa.

Mvua ikinyesha, gata imeziba, maji yanamwagika ukutani, na yanayofika pipani yananuka. Baba akasema hawezi kutawadha kwa maji ya mzoga.

Akapanda ngazi, akafunika gata yote kwa waya wa kuku. Halafu akaukaza kwa waya mwingine mrefu hadi kwenye mti, upepo usiung'oe. Kazi safi.

Haukupita muda, Land Rover ikasimama uani. Afande akaonyesha juu.

"Mzee, hii waya iko kazi gani? Wewe nasema na nani Tanzania?"

Waliopandishwa magari yale hawakurudi.

Baba akajibu, "Ni wa kuzuia uchafu, afande. Panda uone mwenyewe."

Akapanda. Akashuka na mfupa mkononi, akaondoka na askari wake.

Kesho yake wakarudi.

"Mzee, panda gari. Kuja na koleo yako."

Mama alikaa chini palepale. Mchana kutwa alisoma Yasini, na sisi tulijua anamsomea nani.

Magharibi Baba akaingia kwa miguu, na kilo ya sukari. Kumbe afande alitaka gata ya kwake ifungwe waya vilevile. Njiani alimtajia aliyemchongea kuwa ana antena: jirani wa ukuta mmoja, tuliyekula naye sikukuu ya Idi.

Sukari ilikuwa adimu, habari zikaenea. Jirani naye akaja na kikombe kuomba kidogo.

Mama akampa pakiti nzima. "Chukua yote, baba. Imetoka kwenye antena."

Aliipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama mlangoni.

Somo: safisheni gata kabla ya mvua, wekeni waya, kazeni vizuri. Ila kwanza mwiteni jirani aone mnachofunga.

Wa miaka hiyo mliomo humu, kwenu mlificha kitu gani ambacho hakikuwa kosa?