Siku ya Kwanza Kupima Upepo Peke Yangu

Nilipotoka eda nilirudi kwenye banda letu la pancha pale Bungu, kwa sababu kompresa bado ilikuwepo na kazi nyingine sikuijua. Mume wangu ndiye aliyekuwa fundi; mimi miaka yote nilikuwa namsaidia. Nilifagia, nikawasha mashine, nikakaa. Sikulia. Nilichohisi ni joto la bati tu.

Mchana likasimama lori la korosho likitokea Lindi. Dereva akashuka, akayazunguka matairi akiyagongagonga.

"Mama, fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akautazama ushungi wangu, kisha mikono. "Haya. Nipunguzie upepo hili la nyuma. Alfajiri nimejaza mia na ishirini."

Nikapima. Geji ikasoma mia na thelathini na tano.

"Umeona? Litanipasukia hili. Toa."

"Sitoi, kaka. Tairi lina moto. Upepo ukipata joto unasukuma zaidi, na mle ndani hauna pa kwenda. Hakuna aliyeongeza kitu. Nikiutoa sasa, likishapoa litakuwa limelegea, na ukilitembeza hivyo na mzigo ndipo litakapopasuka kweli."

"Nani kakwambia?"

"Mume wangu."

"Basi mwite, nisikie kwake."

"Amefariki."

Nilisema kama mtu aliyeulizwa saa. Dereva akavua kofia.

"Inna lillahi. Pole sana, mama. Sikujua."

"Nimeshapoa," nikajibu, kama nilivyowajibu wote waliokuja msibani.

Hakubishana tena. Alisogeza gari kivulini, akala mihogo, akasinzia. Alipomaliza kuswali alasiri nikapima tena, yeye kainama pembeni yangu. Mia na ishirini na mbili, na sikuwa nimetoa upepo hata kidogo.

"Kumbe!" akasema. Akacheka.

Mume wangu alikuwa akiipenda sana dakika hiyo. Aliita hata wapita njia waje kutazama geji. Nilibaki nimechuchumaa, nikisubiri furaha inijie, au machozi. Hakikuja chochote. Nikarudisha kifuniko, nikakikaza.

"Mwendo wa pole," nikamwambia, "na ukipumzika usilipime lingali na moto."

"Nimekuelewa, fundi."

Lori likaondoka kuelekea Kibiti. Kijana wa bodaboda akaja na msumari kwenye tairi. Nikamwambia aiegeshe pikipiki upande wa ukutani, nikaenda kutafuta koleo.