Shemeji wa Kwenye Filamu

Siku yangu ya kwanza kazini, mwenye banda la video pale Makandana alinikabidhi kipaza sauti kabla hata sijakaa. "Tafsiri," akasema. Nikamwambia Kihindi sikijui. "Kwani wao wanakijua? Ukinyamaza, wanatoka."

Ndivyo nilivyoingia katika utafsiri wa filamu. Nyinyi mnaosoma maandishi chini ya picha hamjui shida ile. Mchana wa siku ya soko nilikaa kando ya televisheni nikiwasemea wahusika wote kwa Kiswahili, na penye kichekesho natia Kinyakyusa. Kaseti niliitazama kwanza mara mbili peke yangu, nikisoma macho. Filamu za zamani za Kihindi, msaliti unamjua kwa jicho. Za karate, kwa ukimya wake. Hizi za siku hizi muziki unamchongea mapema mno, raha yote inaisha. Mimi nilimshuku kila mtu. Mwenye kutabasamu haraka nilimtia hatiani palepale. "Kikulacho ki nguoni mwako!" nikipaza, banda zima linashangilia.

Baadaye nikahamia banda la Msasani, hukuhuku Rungwe, chini ya meneja mkali aliyesafisha deki ya video kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja tulionyesha filamu ya Kihindi: mjane analia, shemeji yake kamshika bega. Sikuupenda mkono ule. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Usilie, shemeji. Weka dole gumba hapa, shamba nitakutunzia mimi."

Sikujua kwamba benchi la mbele amekaa Mama Tusekile, mjane wa Igogwe, pamoja na shemeji yake wa kweli, na kwamba Jumatatu mama huyo alikuwa aweke dole gumba kwenye hati kumwachia shemeji shamba la migomba la marehemu. Mama yule akainuka, akatoka. Jumatatu hakwenda. Shemeji mtu alinijia juu mlangoni: "Umeuvunja ukoo wangu kwa uongo!" Mwaka uleule akahama Rungwe.

"Wewe ni mtafsiri au mganga?" meneja aliniuliza.

Sasa nimestaafu, na mabanda yamekufa. Juzi mjukuu wangu aliniwekea filamu ileile kwenye simu, ina maandishi ya Kiswahili. Kumbe yule shemeji alikuwa akimwambia mjane, "Kula kwanza, utaugua." Basi. Niliyashuku hata maandishi yenyewe, nani kayaandika? Lakini moyo uliniuma sana. Huenda nilimfukuzisha kwao mtu asiye na kosa.

Nikapanda hadi Igogwe kuomba radhi. Mama Tusekile, bibi kizee sasa, nilimkuta anapalilia migomba. Nikamweleza yote, kofia mkononi.

Akacheka mpaka akaegemea jembe. "Baba, tangu lini wewe ukajua Kihindi? Mimi wala sikuitazama sinema yako. Uliposema dole gumba, nilimgeukia shemeji. Alikuwa anatafuna karanga. Akaacha ghafla, hakunitazama."