Dawa Ni Ile Ile

Juzi, kwenye chemist moja ya mtaa wa Kawangware 46, msichana wa dawa alinieleza insulini yangu ya kisukari mara tatu: nguvu yake, kipimo, wakati wa kula. Nilimshukuru, nikatoka nje nimejaa hasira, wala si kwake. Ungemjua nyanya yangu, ungenielewa.

Naye alikuwa na kisukari. Alitoka Machakos akapanga chumba cha mabati hapo hapo, tukaishi mimi na yeye tu. Kila asubuhi alichemsha sindano ya kioo kwenye kisufuria kabla ya chai, na chupa yake ya dawa aliiweka ndani ya mtungi isipate joto. Insulini ya siku hizo ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Yake ilikuwa ya ng'ombe. "Ng'ombe alinilea kwa maziwa," alisema, "sasa ananilea kwa kongosho." Ilimwasha, ikamchimba mashimo mapajani, lakini ilimweka hai, akapika muthokoi wa mahindi na maharagwe na kucheka na majirani.

Halafu zahanati ikabadilisha chupa. Nilikuwa darasa la nne, na mimi ndiye nilimsomea maandishi. Nikamwambia nesi, "Hii imeandikwa themanini. Ile ingine ilikuwa arobaini."

Hakuniangalia. "Dawa ni ile ile. Mwambie adunge kama kawaida. Mwingine aingie."

Haikuwa ile ile. Ilikuwa na nguvu maradufu, na sindano yetu ilikuwa ya kupimia ile ya zamani. Kesho yake Nyanya alivuta dawa hadi alama yake ya kila siku. Kabla uji haujaiva alilowa jasho, akaongea maneno yasiyoeleweka, akaanguka; dawa ilikuwa imemmaliza sukari mwilini. Mama wa chumba cha pili alimpaka sukari ndani ya shavu, akanituma nitafute gari. Gari lilichelewa kupatikana.

Alizinduka hospitalini baada ya siku mbili. Tuliporudi zahanati, nesi alisema mbele ya foleni nzima, "Hawa wazee hawafuati maagizo."

"Lakini nilikuuliza," nikasema.

Akaniambia nishike adabu.

Nyanya aliishi miaka miwili zaidi. Hakupika tena. Hadithi zake za Machakos zilipotea zote, na mimi akawa ananiita kwa jina la marehemu mama yangu. Watu waliniambia nimshukuru Mungu, si yuko hai. Hakuna hata mmoja wa zahanati aliyewahi kuja kusema pole. Na yeye aliponiita jina lile, niliitika.