Mabibo Kwenye Glasi ya Divai

Mwalimu Yustina hakuwa mtu wa kukubali kwamba jambo limeshindikana. Wanafunzi wake pale Mtwara mjini walilijua hilo, na mumewe Paulo, dereva wa winchi bandarini, alilijua zaidi yao. Paulo alipoacha pombe baada ya Pasaka, daktari akiwa amemwambia waziwazi kwamba ini lake halitavumilia tena, Yustina hakuishia kumwombea tu. Aliingia jikoni.

Paulo alikuwa ameshaacha mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili aliangushwa na sherehe. Baa alikuwa anaweza kuipita bila kugeuza shingo. Kilichomshinda ni ile dakika mshereheshaji anapowataka watu wainue glasi, naye yuko na soda yake mkononi, na Josephu, kaka yake, anamcheka: "Baba mzima na soda ya watoto?" Basi, mambo yanaharibika hapo hapo. Na sasa binti yao Zawadi alikuwa anaolewa. Sherehe ya kumuaga ilipangwa Novemba, na wa kuinua glasi mbele ya ukumbi mzima angekuwa Paulo mwenyewe.

"Nitakunywa maji," alisema.

"Utakunywa maji na uso wa msiba," Yustina akamjibu. "Mimi nataka unywe kitu, Baba Zawadi."

Yustina alizaliwa Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, akaijua divai mapema jinsi wengine wanavyoujua uji. Glasi yake moja ya Jumapili aliiacha siku ile ile aliyoacha Paulo, bila kumtangazia mtu. Kwa hiyo alijua vizuri soda imepungukiwa nini. Soda ni tamu, inateremka, imekwisha. Divai inaushika ulimi, inakulazimisha unywe taratibu, na mtu anayekunywa taratibu mikono yake ina kazi sherehe nzima.

Alianza na maua ya rosela yaliyochemshwa na karafuu. Rangi ilikuwa ya kupendeza, lakini Paulo akasema inamkumbusha dawa ya kikohozi. Ukwaju ukamkunja uso. Tangawizi aliisifu, kisha akaongeza kwamba koo limewaka ila ulimi umebaki hauna la kufanya. Yustina hakukasirika. Tuseme ukweli, kwa ukwaju alikasirika, maana aliuchuja nusu siku.

Msimu wa korosho ulipofika, Mwanaidi akaja na beseni la mabibo, yale matunda ya mkorosho. Mwanaidi alikuwa mkulima wa Mpapura, humletea muhogo kila wiki na hukaa kidogo kupiga soga. Yustina akang'ata bibo moja bichi. Ulimi wote ukashikwa, mashavu yakavutwa ndani, na akasimama pale mlangoni juisi ikimchuruzika mkononi, akitabasamu peke yake.

"Ungenisubiri nikutengenezee," Mwanaidi alisema. "Mimi nikishakamua natia maji ya wanga wa muhogo, ule ukakasi wote unatuama chini. Halafu nachemsha. Watoto wangu wanakunywa kama maziwa."

"Dada Mwanaidi, huo ukakasi usiutoe."

"Mwalimu, huku kwetu watu wanahangaika kuutoa tangu enzi za bibi zetu."

"Nami nautafuta tangu Pasaka."

Mwanaidi akacheka mpaka akakaa. "Haya, shauri yako. Ila ukishakamua, chemsha hapo hapo. Bibo halingoji mtu, na mimi uraka, hiyo pombe yake, siutaki hata kuunusa."

Yustina alisikia, lakini alisikia kwa masikio ya Dodoma. Zabibu zilizokamuliwa huchukua siku kadhaa kabla hazijawa pombe. Kwa hiyo asubuhi moja alikamua mabibo yake, akaifunika ndoo, akaenda kusimamia mitihani, akijiambia atachemsha akirudi. Alasiri alipofunua, vipovu vidogo vilikuwa vinapanda juu. Akafurahi mno. Aliona kinywaji chake kimepata uhai chenyewe, akatia barafu, akampelekea mumewe bila hata kuonja.

Paulo alinusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. 

"Mama Zawadi, hii imeshakuwa uraka."

Alitoka nayo nje, akaimwaga chini ya mpapai, akabaki ameishika glasi tupu. "Nilitaka kuimaliza," alisema bila kugeuka.  Yustina aliogopa siku ile kuliko siku ya daktari.

Hata hivyo kesho yake alikuwa jikoni tena. Sasa alichemsha mara tu alipokamua, akatia wanga kidogo tu ili ubaki ukakasi wa kutosha, akaongeza rosela kwa rangi na tangawizi kwa koo. Wakati wa kunywa alimiminia maji yenye gesi. "Gesi yetu ya ardhini, ile ya Madimba, iende Dar," alimwambia Mwanaidi, "hii ya chupa inatutosha." Tena akaweka sheria nyumbani: hakinywewi kitu mpaka mama ameonja. Paulo alimaliza glasi ya kwanza polepole, akaomba ya pili, na kuanzia hapo uso wake ukaanza kuchangamka tena.

Siku ya sherehe, Mwanaidi naye akiwa ameketi meza ya mbele, mshereheshaji akaita wazazi wa binti. Wahudumu walipita na masinia ya glasi za miguu mirefu, zote nyekundu, za mabibo na za divai zimechanganyika. Yustina aliliona hilo, akageuka kumzuia mumewe. Lakini Paulo alikuwa ameshapewa yake. Hakuinywa. Mbele ya watu wote aliielekeza kwa mkewe, naye akaonja.

Ilikuwa divai ya kwao, nzuri hasa.

Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akaonja na ile aliyoishika yeye, ulimi ukashikwa, mashavu yakavutwa ndani, akampa Paulo hiyo. Ukumbi ukadhani ni mahaba ya kubadilishana glasi, vigelegele vikapasua paa, na mshereheshaji akawaambia vijana wajifunze kupendana. Hakukosea sana.

Paulo aliinua, akanywa taratibu, akaketi. Josephu alinyoosha shingo kuchungulia glasi, akaona wekundu ule ule wa divai, akairudisha shingo yake.

"Ile yangu ilikuwa nini?" Paulo akanong'ona.

"Ya Dodoma."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

Aliitazama ile divai pale mbele ya mkewe, ikiwa bado imejaa. Kisha akasukuma glasi yake tupu.

"Niongezee ya mabibo," alisema. "Onja kwanza."