Theory yangu kuhusu Profesa wa kwenye series nusura inikoseshe mke, hapa hapa Pangani

Wakuu, salaam kwenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Haya sijayatia chumvi. Anayebisha aje Pangani amuulize kinyozi wetu, atacheka kabla hajajibu.

Mimi ni fundi pikipiki. Kila baada ya Alasiri tunajazana saluni kwake kuangalia series moja ya watu wanaorudi nyuma kwenye wakati.

Tunaangalia ile ya kutafsiriwa, DJ anaongea juu ya sauti za wazungu. Kiingereza chetu ni cha kuombea maji tu.

Mmoja wetu ni Mzee Bakari, muuza nazi. Huyo ndiye baba yake Mwanaidi, binti ninayetaka kumuoa, na wajomba zangu walikuwa wampelekee barua ya posa wiki hiyo hiyo.

Episode ya nane, mkuu wa maabara anauawa. DJ anatangaza, "Ameuawa saa moja kamili!"

Saa moja gani, na jua liko utosini? Saluni ikalipuka.

Mimi nikasema Profesa kalisogeza jua kwa mashine yake, villain ni yeye. Mzee akasema ng'o, ni yule nesi, kawapa watu dawa wanaona jioni ni mchana.

Siku tatu tunabishana. Kuna mteja aliachwa kanyolewa nusu kichwa.

Siku ya tatu likanitoka: "Mzee huelewi wewe, rudi ukauze nazi zako!"

Wakuu, kwetu huku mtu mzima haambiwi hivyo hata akipotea njia ya kwake.

Mzee akavaa kofia yake. "Ahsante, baba." Akatoka. Bora angenizaba kofi.

Jioni mjomba akapiga simu. "Umemfanya nini mzee wa watu? Kasema barua tusiilete."

Nampenda Mwanaidi jamani, halafu nimkose kwa ajili ya jua la kwenye TV!

Yeye yuko mapokezi kwenye hoteli moja kule Ushongo, Kiingereza kwake ni kazi. Kesho yake nikamngoja kivukoni, nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Akatafuta ile ya Kiingereza kwenye simu, akasikiliza mara mbili, akacheka mpaka akakaa chini.

"Wamesema one o'clock, we mwanamume! Saa saba mchana! DJ wenu kasikia one, kasema moja."

Lo! Hakuna jua lililosogezwa, hakuna dawa. Siku tatu tunamsaka villain, kumbe ni DJ.

Nikaenda kwa mzee mguu mosi mguu pili, nikapiga magoti barazani. "Shikamoo baba. Nimekukosea adabu, nisamehe." Nikamweleza na habari ya saa.

Akaitikia, "Marahaba. Kwa hiyo hata nesi wangu hana kosa?"

"Hana, baba."

Akaangua kicheko, mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni.

"Waambie wajomba zako waje Ijumaa, tukitoka msikitini. Saa sikutajii, msije na ya DJ."

Barua imefika, na jibu limerudi jana: wamekubali! Furaha hii sijui niiweke wapi.

Nilichojifunza: bishana mpaka mate yakauke, lakini usimvunjie mtu heshima. Huenda hata saa hujaisoma.

Haya, leteni theory zenu. Ila andikeni kwa adabu, maana Mwanaidi anamsomea baba yake comment zote, na mahari bado haijatajwa.