Sikukuu ya Nili Mtaani Kinoru

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya tisini ikianza, nilipewa aproni na pipa lililonuka kama zizi. Karakana yetu ilikuwa Kinoru, mjini Meru, ikifundisha wanawake kushona. Meneja aliniambia nitamsaidia Mwalimu Sachiko, Mjapani aliyekuja kutufundisha kutia vitambaa rangi ya nili, buluu itokayo kwenye majani, kama walivyofanya wazee wake.

Nili ni kitu hai, huchachuka pipani. Tuliilisha pumba za ngano na maji ya majivu, na asubuhi za baridi tulilifunika pipa kwa blanketi. Kabla ya kuchovya, tulikunja kitambaa na kukikaza kwa uzi. Palipofungwa rangi haikupita, na hapo maua meupe yalitokea. Kitambaa kilitoka kijani, kikageuka buluu hewani tukikitazama. Mwalimu alinifundisha kungoja, wala hakuwahi kunifokea.

Alitusimulia kwamba kwao, kila mwaka, mtaa wa watia rangi hutundika vitambaa nje ya nyumba, majirani wakapita kutazama na kula pamoja. Tukaamua kuifanya sikukuu hiyo Kinoru. Wiki ile ile akapigiwa simu. Baba yake, mtia rangi, alikuwa amefariki, na mazishi asingeyawahi.

Meneja alitaka tuahirishe. Mwalimu alikataa kwa sauti ya chini.

"Kitambaa cha kwanza alikuwa anakitundika baba," alisema. "Mwaka huu nitatundika mimi."

Habari zilienea. Siku yenyewe majirani walikuja na mukimo, githeri na birika za chai, kama watu wanaokwenda kwa mfiwa. Mwalimu aliinua kitambaa chake kirefu, upande mmoja ukabaki ukining'inia. Mama Kanana, jirani aliyeuza mboga, aliweka kikapu chini akashika upande wa pili.

"Mwanangu, hii si kazi ya mtu mmoja," alimwambia.

Wakakitundika pamoja kwenye seng'enge. Hapo ndipo Mwalimu alipolia, mara ya kwanza tangu simu ile. Hakuna aliyemnyamazisha. Baadaye tulitundika vingine mtaa mzima, tukala, naye akawaonyesha kina mama jinsi ya kufunga mafundo.

Sasa nimestaafu, niko kijijini Githongo na shamba langu la kahawa. Vijana wakiniuliza kazi ile ilinipa nini, nawaambia nashukuru kwa ufundi, na kwa siku ile zaidi. Baba yangu alifariki nikiwa msichana, na sikuwa nimemlilia. Nilimlilia pale Kinoru, mikono yangu ikiwa buluu, katikati ya majirani.