Gari la Maksai la Darasa la Tano

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, bosi aliposhuka ngazi na kutuambia, kama mtu anayeagiza mkate, kwamba nyumba nzima inahamia Jeddah. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kuandika kilomita za gari katika daftari langu, kazi niliyoifanya kila asubuhi ingawa hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa katika mwaka wa tatu wa udereva mtaani Sulimaniyah, Riyadh. Nilikuja miaka ile mawakala wa kupeleka watu Uarabuni walipojaa Nairobi, ofisi juu ya ofisi, na kila familia ilikuwa na mtu mmoja anayesubiri viza.

Madam alitoa masharti. Familia ingepanda ndege pamoja na dada wa nyumbani. Mimi ningeendesha gari kubwa lenye mizigo. Kila mfanyakazi alikuwa na ruhusa ya begi moja, lisizidi kilo ishirini. Halas, basi.

Dada wa nyumbani, mtu wa Kilifi, alikwenda kuazima mizani ya madam, ile ya kupimia uzito wa mwili, akaiweka sakafuni jikoni. Juu yake akaweka sufuria.

"Dada, hiyo ina kilo mbili na nusu," nikamwambia. "Iache. Jeddah kuna masufuria."

"Yapo, ya kupikia wali wao. Hii yashika sima bila kuunguza. Nguo nitapewa na madam zikichakaa. Sufuria nitapewa na nani, kaka? Na wewe?"

"Basi utaacha viatu."

"Viatu navaa. Kwani miguu naiacha Riyadh?"

Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba ubishi huo niliwahi kuusikia nikiwa na miaka kumi na moja, ndani ya darasa, na wakati ule mimi ndiye niliyeshindwa.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kilomita zipatazo mia tisa na hamsini. Niliondoka mapema, bosi akanipigia kofi boneti na kusema yalla, twende, na baada ya vituo vya mafuta vya mwisho vya mji hapakuwa na kitu ila barabara iliyonyooka na mchanga pande zote. Dereva aliye peke yake kwenye barabara kama ile hana budi kufikiri. Mimi nilifikiri juu ya gari la maksai.

Shule yetu ilikuwa katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla ya kugawiwa wananchi. Darasa la tano lilikuwa ghala lake la ngano. Sakafu ilikuwa ya saruji, laini kama sahani, na mvua iliponyesha kuta zilitoa harufu ya nafaka ya zamani, hadi njaa ikatushika kabla ya saa nne. Nyuma ya vyoo kulikuwa na pete mbili za chuma zilizoshikwa na kutu. Tulizikalia wakati wa mapumziko bila kujua ni za nini, mpaka mwalimu wa historia alipotueleza kwamba ni za magurudumu ya gari la kukokotwa na maksai.

Mwalimu huyo alikuwa mrefu, mwenye koti moja zuri lililoishiwa na vifungo. Alikuwa na msemo wake: "Kitabu ni shahidi mmoja tu." Kitabu kilisema kwamba walowezi walifika uwandani kwa magari ya maksai kutoka Nakuru, wakapita matope ya Timboroa, wakakaa. Mwalimu alikifunga, akatutazama. "Hakisemi walipakia nini, na walishusha nini. Hakisemi aliyeshika kamba ya maksai alikula nini. Wiki hii tutasafiri wenyewe."

Tulikuwa arobaini, akatugawa katika magari matano. Gari lilikuwa gunia kubwa la katani lililowekwa sakafuni. Wanafunzi sita walikuwa maksai, mmoja kiongozi, mmoja karani; karani wa gari letu nilikuwa mimi. Kutoka mlangoni hadi ubaoni mwalimu alichora njia kwa chaki: Nakuru mlangoni, Timboroa karibu na dirisha la tatu, mwisho wa safari chini ya ubao. Kila alasiri tungevuta gunia hadi alama inayofuata, kisha kiongozi achomoe karatasi kutoka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na karatasi itangaze bahati yetu: mto umefurika, ng'ombe mgonjwa, njia nzuri. Mizigo ilikuwa ya kweli. "Leteni kitu ambacho nyumba yenu haiwezi kuishi bila hicho," alisema. Mzigo wa gari zima usizidi kilo arobaini, kwa mizani iliyoazimwa kutoka kituo cha maziwa. Na sharti la mwisho, alilolirudia mara mbili: kinachoshushwa njiani kimeshushwa. Kitafungiwa stoo hadi siku ya kufunga shule.

Mimi nilikuwa mtoto wa kupanga mambo. Niliketi jikoni kwa nyanya, niliyeishi naye, nikavipitia vitu kimoja kimoja. Taa? Tulilala bila taa mafuta yakiisha. Blanketi? Tulikuwa nayo mawili. Kilichobaki ni jiwe la kusagia. Nyanya alisaga wimbi juu yake kila asubuhi na kuuza unga kwa watu waliopeleka maziwa kituoni. Kisiagi cha dizeli kilikuwepo sokoni, lakini wateja wake walisema unga wa mashine hutoka moto na kunuka moshi. Ada yangu, chumvi, sabuni, vyote vilitoka kwenye jiwe hilo. Nyanya alikuwa amekwenda matanga, arudi Alhamisi. Niliazima wilibaro ya jirani nikalipeleka shule, jiwe mama pamoja na mtoto wake, lile dogo la kushika mkononi. Mizani ilisoma kilo kumi na moja.

Kiongozi wa gari letu alikuwa binti wa fundi cherehani, msichana mwenye sauti ya mnadani. Alilizunguka jiwe mara moja.

"Hili ni jiwe, au umetuletea ukoo wenu mzima?"

"Ni la kusagia."

"Tunaona. Sisi tumeleta unga uliokwisha kusagwa. Kilo kumi na mbili. Utasaga nini, chaki?"

Maksai wote sita wakacheka. Lakini uzito ulitosha, likapanda.

Siku tatu zilikwenda vizuri. Ninausikia hadi leo mkwaruzo wa gunia juu ya saruji, na maksai wakihema, mmoja akilia mooo bila kuombwa, na mwalimu akituambia kwamba hadi hapo chakula tulinunua njiani, lakini kutoka Timboroa mbele hakuna duka na zimebaki siku kumi. Alhamisi kiongozi alitia mkono kwenye kopo. Karatasi ilisema: Gari limezama matopeni. Shusha kilo kumi au ulale hapa milele.

Tukapiga kura. Nilisimama nikasema nyumba yetu inaishi kwa jiwe hilo. Binti wa fundi hakuinua hata sauti.

"Jiwe haliliwi," alisema.

Nikaketi. Mikono saba ilikwenda juu. Mwalimu mwenyewe akalibeba jiwe hadi stoo, na nikasikia kufuli, kisha tukalivuta gari kutoka matopeni hadi alama iliyofuata. Siku ya kufunga shule ilikuwa wiki tatu mbele.

Jioni hiyo nyanya alirudi. Aliweka kikapu chini, akavua kitambaa, akatazama pembe ya jikoni ambako udongo ulikuwa umebaki na shimo la duara.

"Jiwe liko wapi?"

"Liko Timboroa, nyanya."

Alikaa chini kwenye kigoda taratibu. "Timboroa gani?"

"Ile ya matope. Limeshushwa."

"Nani amelifikisha Timboroa?"

"Maksai."

"Maksai wa nani, wewe mtoto?"

"Ni sisi."

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Ilinichukua muda mrefu kumweleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yake yalivyozidi kuwa madogo. Hakunichapa. Alisema tu kwamba kesho ana wateja tisa wanaosubiri unga, na kwamba atakwenda kuonana na huyo mwenye Timboroa.

Ijumaa, kipindi cha historia kikiwa kimeanza, aliingia darasani bila kubisha hodi, na gambuti zake za shambani. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo, mama," mwalimu alisema.

"Marahaba. Umenifungia jiwe."

"Mama, ni mchezo. Tunajifunza historia."

"Mchezo gani huo unaokula jiwe la mtu?"

Tuliinamisha vichwa ili tucheke. Mwalimu alieleza sharti lake, kwa heshima, lakini bila kutoa ufunguo; nadhani aliona kwamba akilivunja kwa mtu mmoja wiki nzima imekufa. Nyanya alisikiliza, kisha akaomba aonyeshwe gari lenyewe. Akaonyeshwa gunia.

"Nani amelishusha jiwe langu?"

Binti wa fundi akainua mkono. Hakuwa mwoga, hilo nitamkubalia hadi mwisho.

"Mkabaki na nini?"

"Unga, nyanya. Kilo kumi na mbili."

"Watu wangapi?"

"Wanane."

Nyanya akanigeukia. "Karani. Ni wa siku ngapi huo?"

Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu hiyo usiku kitandani. "Siku tatu."

"Na njia?"

"Siku kumi."

"Siku ya nne mtakula gunia?" aliuliza. Binti wa fundi akalitazama gunia. Ndipo nyanya akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani, maana hakuwa mtu wa hadithi. Alisema alikuja uwanda huu kutoka upande wa Kakamega kwa miguu, msichana aliyeolewa juzi, na jiwe hilo kichwani, mumewe akibeba lile jiwe dogo. Unga wao uliisha siku ya pili. Kila mji waliolala aliomba kusaga. Kila vibaba vinne alivyosaga, kimoja chake. "Jiwe haliliwi," alisema, na sijui alilipata wapi neno hilo, kwa kuwa mimi sikumwambia. "Lakini linalisha."

Mwalimu aligeukia ubao. Kisha akachukua chaki akaandika ubaoni, polepole, sharti jipya: gari lenye jiwe linaweza kusagia magari mengine kwa robo ya unga. Magari mawili yalikuwa yamebeba wimbi na mahindi yasiyosagwa, na hayakuwa na cha kusagia. Binti wa fundi aliliona hilo kabla ya yeyote. Aliruka juu ya dawati.

"Saga hapa! Saga hapa! Robo tu, hatukopeshi!"

"Jiwe mlilitupa nyinyi wenyewe!" gari la pili wakapiga kelele. "Lipo matopeni!"

"Basi lala na njaa, ng'ombe wewe!"

Mwalimu aliamua kwamba tutarudi nyuma hadi Timboroa kulichukua, na kurudi kutatugharimu siku mbili. Tukavuta gunia kinyumenyume hadi dirisha la tatu, darasa likizomea, naye akafungua stoo. Nyanya alipiga magoti palepale sakafuni akasaga wimbi la gari la pili, mbele ya watoto arobaini. Mlio wa jiwe ulikuwa kama mvua inayokuja kutoka mbali, na vumbi jekundu likamjaa mikononi. Gari letu lilifika la nne kati ya matano, lakini ndilo pekee lililofika na chakula cha akiba. Na nyanya hakucheza. Robo ya unga ule, ule wa kweli, aliifunga kwenye kitambaa chake akaondoka nayo, jiwe likiwa kwenye wilibaro mbele yangu.

Adhabu yangu ilikuwa kusaga kila jioni kwa mwezi mmoja, ili mikono ijue nilichokibeba. Kwa kweli sijawahi kuwa na mwezi mzuri kama ule. Aliketi nyuma yangu akinirekebisha mgongo, akinikaripia, na uji ukichemka.

Hayo yote yalinipeleka hadi Jeddah bila kuwasha redio. Niliingia mtaa wa Aziziya jioni, joto la unyevu likanikaa usoni kama kitambaa cha maji, nikashusha mizigo ya watu. Nilipewa chumba kando ya gereji. Usiku huo niliandika katika daftari jambo moja tu: mkataba ukiisha nitajenga jiko langu mwenyewe, na jiwe la nyanya litakaa pembeni, na binti zangu watajua kusaga juu yake. Lilikuwa limebaki kwenye nyumba yake tangu tulipomzika. Mwalimu alikwisha kuhamishwa zamani, na ghala lilibomolewa likajengwa darasa lenye madirisha ya vioo. Umeme ulifika, na kisiagi cha dizeli chenyewe kikaondolewa. Kati ya yote ya wiki ile, nilihesabu kwamba jiwe ndilo pekee ninaloweza bado kulishika.

Ijumaa nilimpigia simu mdogo wangu, aliyeachiwa shamba. Baada ya salamu nilimwomba alitoe jiwe nje ya mvua, alifunike.

"Jiwe gani, ndugu yangu?"

"La nyanya. La kusagia."

Nilisikia kuku wakilia upande wake. "Hilo liliondoka," alisema. "Wakati wa kupanda. Alipita mtu wa lori, ananunua mawe ya zamani, anapelekea hoteli. Wanayapanga kwenye bustani, watu wapige picha. Si wewe hukuwahi kuliulizia?"

Ni kweli, sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimetuma pesa ya mbolea, ya paa, ya ada; hilo halikuwamo katika orodha yoyote. Sikuweza kumkasirikia. Kwake lilikuwa jiwe tu, mwaka ambao watu wote walinunua unga wa pakiti. Nikauliza hoteli ipi. Hakujua. Nikauliza lori lilielekea wapi. Alidhani Nakuru, alidhani Nairobi.

"Na mtoto wake?"

"Yote mawili. Alisema moja bila jingine halina maana."

Nikamwuliza bei. Alisita kabla ya kunijibu, na nikajua kwamba kuuza hakukumtia aibu, ila bei. Mwenye lori alianza na mia mbili. Mdogo wangu akataka mia tano. Wakakutana katikati, akalipwa taslimu kando ya barabara: shilingi mia tatu na hamsini.